"Sijala, Nimekunywa Chai Tu": Mwongozo Kamili wa Kuelewana na Daktari, Muuguzi na Mtoa Dawa

Mama mmoja alifika maabara asubuhi kupima sukari. Akaulizwa, "Umekula?" Akajibu, "Hapana, sijala." Kipimo kikasoma 8.4. Akarudi kwa daktari, akaandikiwa dawa ya kuanzia, akaja nayo karatasi dirishani kwangu. Nikamuuliza kwa mazoea tu ya maongezi: "Pole mama, njaa inauma, hata chai hujapata?" Akacheka. "Chai nimekunywa, kikombe kimoja cha maziwa. Ila sijala."

Sukari kwenye kikombe? Vijiko vitatu.

Mama hakudanganya. Kwa Kiswahili chetu chai hainywewi na mtu akasema amekula. Wa maabara naye aliuliza swali lake sawasawa. Nikamrudisha kwa daktari, akaambiwa aje kesho na njaa ya kweli, na kesho yake ikasoma 5.6.

Nimekaa miaka 11 nyuma ya dirisha la dawa la kituo cha afya. Dirisha letu ndilo la mwisho kabla ya geti, kwa hiyo kila kilichokosewa huko mbele hufika kwetu kikiwa kimeandikwa kwenye karatasi. Watu hulaumu Kiingereza cha madaktari, na kweli kina lawama zake. Lakini neno la Kiingereza mgonjwa akilisikia anajua hajalielewa, anaweza kuuliza. Linaloumiza zaidi ni neno la Kiswahili ambalo wote wawili wanadhani wamelielewa. Hatua zinazofuata nimeziandika kwa ajili ya mgonjwa na anayemsindikiza. Wahudumu wenzangu wana sehemu yao huko chini, ingawa wakisoma kuanzia hapa hawatapoteza kitu.

HATUA YA 1: Jiandae usiku wa kuamkia safari

Chukua daftari la shule, lile la kurasa 40 linatosha. Andika mambo matatu: kinachokusumbua kuliko vyote, kimeanza lini, na nini kinakizidisha au kukituliza. "Muda mrefu" si jibu. Kama hukumbuki tarehe, tumia kinachokumbukwa: tangu mfungo, tangu kuvuna mahindi, tangu mtoto aanze darasa la kwanza. Daktari atahesabu mwenyewe.

Halafu tafuta mfuko mmoja, weka ndani yake kila kitu unachomeza, unachopaka au kunywa. Nasema kila kitu. Mzee mmoja presha yake iligoma kushuka kwa miezi, kila kliniki dozi inapandishwa. Kila akiulizwa "unatumia dawa nyingine?" anajibu hapana. Siku alipokuja na mfuko tukakuta kipande cha daiklofenaki alichokuwa akinunua duka la dawa muhimu, kidonge kutwa mara mbili, kwa ajili ya magoti. Dawa za kundi hilo hupandisha presha na huweza kuharibu figo. Kwa mzee, "dawa" ni ile ya hospitali, na ile ya magoti ilikuwa ya kutuliza tu. Kwa hiyo usitegemee swali, beba mfuko. Ingiza humo mitishamba, vidonge au sindano ya uzazi wa mpango (kadi yake inatosha), na hata ile chupa ya njano uliyopewa na jirani ambayo hamjui inaitwaje.

Kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, iandike juu kabisa ya ukurasa kwa herufi kubwa. Na usiishie kwenye jina moja. Anayetokwa vipele kwa septrini aseme "nina mzio wa salfa", maana SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria nayo ina salfa.

HATUA YA 2: Mapokezi, usikae kimya kwenye foleni

Tumelelewa kusubiri zamu yetu, na ni adabu njema. Lakini ipo hali ambayo adabu hiyo inaua. Ukiwa na mojawapo ya haya, usikae kwenye benchi. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi na uyataje kwa sauti:

– Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na hazinduki.
– Mjamzito anatokwa damu, anaumwa kichwa vibaya na kuona maruweruwe, amevimba uso na mikono, au mtoto tumboni hachezi kama kawaida.
– Mtu mzima kifua kinambana, pumzi haitoshi, mdomo umekwenda upande, au mkono na mguu wa upande mmoja ghafla hauna nguvu.

Sentensi ni fupi: "Sista, samahani, mtoto amepata degedege njiani." Sema neno hilohilo, degedege, hata kama nyumbani bibi amelipa maana nyingine na tayari kuna kitu kimefungwa mkononi mwa mtoto. Hakuna atakayekucheka, na kama yupo, acheke huku mtoto anahudumiwa.

HATUA YA 3: Sentensi yako ya kwanza kwa daktari

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha walichopata baada ya kusikiliza mazungumzo ya wagonjwa na madaktari: kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Kwetu sina saa ya kupimia, lakini foleni ya watu 60 na tabibu mmoja unaijua mwenyewe. Kwa hiyo kubwa litangulie.

Kosa nililoliona mara nyingi ni kuanza na jina la ugonjwa. "Daktari, nina malaria na taifodi." Hapo umemfungia njia, atapima malaria, atapima taifodi, na kidonda kilichoko mguuni hatakiona. Daktari hahitaji ulete ugonjwa, anahitaji ulete mwili wako. Sema hivi: "Tangu Jumapili jioni napata baridi, kisha joto, kisha jasho. Kichwa kinagonga. Na mguu wa kulia una kidonda kinachonuka."

Kosa la pili ni la mlangoni. Mtu ameongea dakika nane juu ya mafua, ameandikiwa dawa, ameshika kitasa, ndipo anageuka: "Halafu daktari, kuna kadamu kidogo kwenye mkojo." Kumbe ndicho alichokijia. Alikuwa anatafuta ujasiri. Ukijijua uko hivyo, andika jambo hilo kwenye daftari na umpe asome. Hilo linaruhusiwa kabisa.

HATUA YA 4: Nyoosha kidole, maneno yetu ni mapana

Kiswahili ni kitamu lakini kwenye mwili kina ukarimu uliopitiliza. "Mguu unauma": mguu wetu unaanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. "Mkono" vivyo hivyo, kutoka begani hadi vidoleni. "Tumbo" linaanzia chini ya mbavu mpaka kwenye kinena, na humo ndani kuna ini, nyongo, utumbo, kibofu na kizazi, kila kimoja na maradhi yake. Na "moyo unaniuma" inaweza kuwa chembe ya moyo, inaweza kuwa kifua, inaweza kuwa msiba.

Dawa yake ni kidole. Weka kidole kimoja, si kiganja kizima, mahali penyewe. Kisha sema maumivu yanatambaa kwenda wapi na yanafananaje: yanachoma, yanakata, yanabana, yanavuta, yanapwita kama jipu. Maneno hayo ya nyumbani yanamsaidia daktari kuliko unavyodhani. "Kizunguzungu" pia kifafanue. Chumba kinazunguka? Au macho yanaingia giza ukisimama? Ni mambo mawili tofauti.

"Sehemu za siri" ndiyo iliyo pana kuliko zote. Uume, korodani, uke, mlango wa haja kubwa: yana majina, na chumba cha daktari ndiko mahali pake. Najua kusema ni rahisi kwangu niliye nyuma ya kioo. Basi anza na mlango: "Daktari, nina jambo la faragha, naomba tufunge mlango." Ukitaka kuonwa na mhudumu wa jinsia yako, uliza kama yupo. Ukiwa na msindikizaji usiyetaka asikie, mwombe daktari amtoe yeye, ili lawama isiwe yako.

Wanaume wa kliniki ya presha, hili ni lenu. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Zipo nyingine za kubadilisha. Ninachokiona dirishani ni mtu kuacha dawa kimyakimya, miezi minne haonekani, halafu analetwa kwa bajaji upande mmoja umepooza.

HATUA YA 5: Vipimo, kabla na baada

Kabla ya kutoa damu uliza maswali mawili: kinapima nini, na nije nikiwa nimekula au la. Ukiambiwa "uje na njaa", maana yake kwa kawaida ni kukaa muda wa saa nane au zaidi bila chakula, bila chai, bila uji, bila soda, bila pipi mdomoni. Maji matupu yanaruhusiwa. Dawa zako za asubuhi ziulizie mbali, hasa za sukari.

Majibu nayo yana mtego. Mtu anaambiwa majibu ni "chanya", anasikia jambo la heri, maana mtazamo chanya ni mzuri. Mwingine anaambiwa "hasi" anaangua kilio. Maabarani chanya ni kwamba kilichotafutwa kimeonekana. Hasi ni kwamba hakikuonekana. Usitoke bila kuuliza hivi: "Kwa hiyo ninao au sina?"

Kwa presha na sukari omba namba, uiandike na tarehe pembeni. "Imepanda kidogo" haitamsaidia daktari wa mwezi ujao, ambaye huenda si huyu wa leo. Presha ina namba mbili, andika zote: 152/94. Sukari hapa tunaipima kwa milimoli. Asubuhi na njaa, kuanzia 7.0 ndipo daktari anapoanza kuzungumzia kisukari, na kwa kawaida hurudia kipimo kabla ya kuamua.

Kidogo nje ya mada, ila nimeliona mara tatu mwaka huu: mtoto aliyeko Marekani kamletea mama mashine ya sukari. Mama anapima, inasoma 101, nyumba nzima inapiga kelele. Mashine za kule husoma kwa miligramu. Gawanya kwa 18. Hiyo 101 ni 5.6, mama mzima kabisa.

HATUA YA 6: Dawa, na hapa nitakaa kidogo

Kwenye bahasha tunaandika 1x3. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kidonge kimoja, mara tatu. Nimewahi kukutana na aliyemeza vitatu kwa mpigo asubuhi ili "asisumbuke". Nimekutana pia na aliyemeza asubuhi, mchana na saa 11 jioni, kwa sababu "kutwa" kwake huishia jua likizama. Mara tatu, kwa dawa nyingi za kuua wadudu mwilini, ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Usiridhike na "mara ngapi". Uliza "saa ngapi na saa ngapi".

Na saa yenyewe ni mtego wa pili. Simu inaandika 8:00 ambapo sisi tunasema saa mbili. Kijana anamwekea bibi kengele ya "saa nane mchana", anabonyeza 8:00, inalia asubuhi bibi ndiyo kwanza anakoka moto. Ukitegesha simu, hesabu mbele au nyuma saa 6, halafu mwulize mtu wa pili.

Dawa mseto ya malaria, ile Alu, ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ni mimezo 6 kwa siku 3. Kwa mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea kila mmezo ni vidonge 4, jumla 24. Wa pili ni saa 8 baada ya wa kwanza, na huo ndio unaorukwa. Tuseme umeanza Jumatatu saa 2 usiku. Wa pili ni saa 10 alfajiri, ndiyo, usiku ule ule, uamke. Kisha Jumanne saa 2 usiku, Jumatano saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, umalizie Alhamisi saa 2 asubuhi. Imeze na maziwa au chakula chenye mafuta, maana bila mafuta mwili unaifyonza kwa shida. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi uulize, usiamue mwenyewe.

Sasa neno ambalo ningekuwa na uwezo ningelifuta kwenye kliniki za presha na kisukari: dozi. Malaria imetufundisha kwamba dozi ina mwisho. Unaianza, unaimaliza, umepona. Mzee anapewa vidonge 30 vya presha, anavimeza kwa uaminifu siku 30, anakaa nyumbani. "Nilimaliza dozi." Kwa akili ya neno lenyewe yuko sahihi kabisa. Kwa hiyo kila ukipewa dawa mpya uliza: "Hii ina mwisho, au ni ya kuendelea nayo?" Na ya pili yake: "Nikijisikia vizuri niache?"

"Kabla ya kula" nayo inategemea unakula saa ngapi. Kama mlo wako wa kwanza ni saa 5, sema. Kama unajiandaa kufunga Ramadhani, njoo kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya mara tatu haiingii kwenye mchana wa saum, na mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari anaweza kuzimia mchana kama ratiba haijabadilishwa. Mara nyingi upo mpango mwingine. Lakini ukija siku ya kumi umeshazidiwa, tunabaki kupoza moto.

HATUA YA 7: Rudia kwa mdomo wako

Kabla hujanyanyuka kitini: "Daktari, ngoja nirudie nione kama nimeshika." Kisha sema una nini, umeze nini na saa ngapi, na kitu gani kikitokea urudi haraka. Haichukui dakika moja. Hakuna daktari niliyemwona akikasirishwa na hilo, na wengi hujisahihisha hapohapo: "Aa, si asubuhi, nilikusudia usiku."

Ukisindikiza mzazi, wewe ni wa kuandika na kukumbusha. Usimjibie. Mama akiulizwa "unalala vizuri?", binti akadakia "analala", daktari amemtibu binti. Na kama bibi anasema Kisukuma au Kimakonde peke yake, tafuta mtu mzima wa kutafsiri, ikiwezekana muuguzi anayekijua. Mjukuu wa miaka 12 hawezi kumtafsiria bibi habari za kutokwa damu, na bibi hatazisema mbele yake.

KWA WAHUDUMU WENZANGU

Salamu kwanza. Mgonjwa ana umri wa mama yako, shikamoo haipunguzi cheo. Kaa chini hata kama una dakika mbili tu. Ukiwa umesimama mgonjwa anasikia kwamba unaondoka.

"Umeelewa?" ni swali lisilo na kazi. Jibu lake ni "ndiyo" siku zote, kwa adabu. Mimi nilijifunza kwa muuguzi mmoja mstaafu kuuliza hivi: "Ukifika nyumbani baba atakuuliza hizi dawa ni za nini. Utamjibuje?" Mgonjwa anaeleza, na mimi nasikia nilipoharibu. Hapo mtihani ni wangu, hajatahiniwa yeye.

Badala ya "umekula?" uliza "tangu jana usiku kimeingia nini mdomoni, hata chai?" Badala ya "unatumia dawa nyingine?" uliza "ukiumwa kichwa au magoti unameza nini?" Namba za sukari msiwarushie watu hewani, sema 12 ni kubwa kwa kiasi gani na ingetakiwa iwe ngapi. Na jamani, kile Kiingereza cha juu ya kichwa cha mgonjwa, wawili mnaongea yeye analala katikati, anachokipata ni neno moja alilolijua. Huwa ni "kansa". Huenda mlikuwa mnasema si kansa.

Dirishani punguzeni sauti. Kutangaza "nani mwenye dawa za kifua kikuu?" ukumbi ukiwa umejaa kunamfanya mwenyewe asinyooshe mkono, na kesho asije.

HATUA YA 8: Mkikosana

Itatokea. Umetukanwa, umepuuzwa, au umeombwa pesa isiyo na risiti. Anza kwa mganga mfawidhi wa kituo hicho, na ueleze tukio kwa tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, bila matusi. Asiposikiliza, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Jambo likiwa ni mwenendo wa kitaaluma wa mtu, Tanzania Bara lipo Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi na wakunga. Sanduku la maoni nalo tumia, ila mimi nimeona funguo yake ikitafutwa wiki mbili, kwa hiyo usilitegemee peke yake.

HATUA YA 9: Kabla ya geti

Simama pembeni ya dirisha, fungua mfuko, hesabu vidonge. Halafu tazama tarehe ya kurudi kwenye kadi. Umepewa vidonge 30 vya mara moja kwa siku, na kadi inasema urudi baada ya siku 35. Siku tano hizo utameza nini? Wengi hugundua nyumbani, wanaona aibu kurudi, wanakaa bila dawa, kisha wanakuja kliniki presha ikiwa juu na daktari anadhani dawa haifanyi kazi. Rudi dirishani palepale, hata kama kuna foleni. Sema: "Ndugu, hesabu haijakaa sawa, naomba tuiangalie pamoja." Mimi nitafungua tena kabati.